Gavana Aliyezungumza wa Kwanza

Watu wa mbali wakiuliza kwa nini chama kilimnyima gavana wetu tiketi ya muhula wa pili, hupewa majibu ya kuridhisha. Wengine husema ni ukoo. Wengine husema ni wakubwa wa Nairobi. Wengine hushusha sauti na kusema ni mambo yasiyosemwa hadharani, kisha wanayasema. Mimi nakodisha mahema, viti na mitambo ya sauti. Duka langu liko karibu na soko la Kibuye, na katika utawala wake wote nilikuwa nyuma ya spika kwenye mazishi mengi makubwa, kutoka Seme hadi nyanda za Kano. Sina siri ya mtu yeyote. Nilikuwepo tu, tangu viti vinaposhushwa kwenye lori hadi vinapopakiwa tena, na kutoka pale nilipokuwa jibu lilionekana dogo kuliko yote yaliyotajwa. Gavana alizungumza wa kwanza.

Nitaeleza, lakini sharti nimweleze mwenyewe kwanza.

Kabla ya siasa alikuwa mhandisi wa maji, na tuliishi lango kwa lango mtaani Migosi. Alikuwa mtu wa kumaliza. Chai aliinywa ikaisha. Sentensi aliianza akiwa ameshauona mwisho wake. Akija kunitembelea alisalimu, akasema lililomleta, akasikiliza jibu, akasema, "Haya, jirani, naenda," na akaenda. Kwetu mgeni akisema anaenda ndipo mazungumzo huanza. Mwenye nyumba hukataa, mgeni huketi tena, habari yenyewe hutolewa mlangoni, na yaliyobaki humalizikia barabarani. Yeye akishasema anaenda, kilichobaki ni kikombe chake. Mke wangu aliamini kwa muda mrefu kwamba tulimkosea, akanituma nikaulize. Nilipouliza, jirani yangu alishangaa kwa dhati.

"Kwani sikuaga?" akasema.

Misemo yake yote ilitoka kwenye kazi yake. Alipenda kusema kwamba maji hufuata mteremko, hayafuati ahadi. Alisema pia kwamba ukisikia bomba linapiga kelele nyingi, jua ndani kuna upepo. Msemo huu wa pili aliwahi kuutoa kwenye kikao cha madiwani, naye alikuwa anazungumzia bomba kweli. Nilikuwa hapo nikishughulikia vipaza sauti, na niliwaona madiwani wakitazamana.

Aliingia siasa kwa sababu ya bomba moja. Kule Seme kuna vijiji ambavyo ukisimama mlangoni unaliona ziwa lote, na bado akina mama hununua maji kwa mitungi. Akiwa mhandisi alichora njia ya kuyapandisha maji hayo, akaipeleka ofisi moja baada ya nyingine, na kila ofisi ikamsifu kwa mchoro mzuri. Mwishowe akaamua kuwa yeye mwenye ofisi. Katika muhula wake wa kwanza bomba lilitoka ufukweni likafika kwenye kituo cha soko upande wa Kombewa. Muhula wa pili ungelipandisha hadi vilimani. Kwa hiyo inaposemwa kwamba alitaka tiketi kwa tamaa ya cheo, nasita. Kwake tiketi ilikuwa nusu ya bomba iliyobaki. Na huku kwetu aliyepata tiketi ya chama ameshashinda; uchaguzi wenyewe huwa ni wa kumthibitisha.

Sasa nije kwenye mazishi, maana siasa ya ziwani haifanyiki ofisini.

Hotuba za mazishi zina ngazi. Huanza jirani, akafuata shemeji, mfanyakazi mwenza wa marehemu, kanisa, chifu, diwani, mbunge, seneta, na juu kabisa gavana. Mgeni asiyezoea hudhani kila mmoja husimama kumzungumzia marehemu. Sivyo. Kila mmoja husimama kumkaribisha anayemfuata. Diwani akishika maiki husema, "Kabla sijamkaribisha Mheshimiwa," na katika hiyo "kabla" huingiza kila kitu alicho nacho: kazi aliyofanya, maadui zake, mpango wake wa miaka ijayo. Watu wasingemsikiliza diwani peke yake hata kwa muda wa kumaliza soda. Lakini nyuma yake ameketi mkubwa, na anayemkaribisha mkubwa ni kama amemshika mkono. Watu humtazama diwani na kuona mkono huo. Bila huo, diwani ni mtu aliyevaa suti kwenye jua.

Gavana wetu alikuwa mgeni wa desturi hii kwa namna ya ajabu, kwa sababu alizaliwa ndani yake. Sidhani aliidharau. Naona hakuwahi kutambua kwamba ipo.

Mazishi yake ya kwanza akiwa gavana yalikuwa Seme, ya mwalimu mkuu mstaafu. Ratiba ilichapishwa, na chini ya picha ya marehemu iliandikwa saa ya kuanza. Hakuna mtu anayesoma saa hiyo. Huwekwa kwa heshima, kama vile ua huwekwa mezani. Gavana aliisoma. Alifika nikiwa bado nafunga nyaya. Chini ya hema palikuwa na mchungaji, mjane, ndugu wachache na kuku. Aliwapa mkono wote, akasimama kando ya jeneza kwa heshima, akaniomba maiki. Akatoa rambirambi. Akasema mwalimu alimfundisha mtu fulani aliyemfundisha yeye. Akaeleza bomba limefika wapi. Akasema, "Basi, niwaache na msiba wenu," na akaondoka.

Diwani wa wadi hiyo alifika baadaye, wakati wanapofika wenzake. Alikuwa kijana wa makamo, aliyewahi kutangaza mechi za mpira uwanjani, msemaji mzuri kuliko wote niliowahi kuwashikia mitambo. Ndiye aliyempigia gavana kampeni Seme nzima, juu ya bodaboda, akiwa na spika niliyomkodisha mimi. Siku hiyo alivaa suti mpya.

"Fundi, Gavana anafika saa ngapi?"

"Alishafika, Mheshimiwa."

"Ako wapi?"

"Alishaenda."

"Ameenda wapi?"

"Kazini."

Akanitazama. "Jumamosi?"

"Jumamosi."

"Na nani alimkaribisha?"

Nikamwambia ukweli, kwamba alijikaribisha mwenyewe.

"Omera," diwani akasema polepole, kama anayemwita nduguye, "mtu hajikaribishi."

Zamu yake ilipofika, alizungumza vizuri mwanzoni, kisha mazoea yakamvuta. Akainua mkono, akasema, "Sasa, kabla sijamkaribisha," akageuka kutazama viti vikubwa vya mbele. Alikuwepo naibu wa chifu, amesinzia. Diwani akatafakari kidogo, akaikaribisha kwaya. Kwaya ilikuwa imeshaimba. Ikaimba tena.

Nilidhani ni ajali ya siku moja. Haikuwa. Jumamosi iliyofuata gavana alifanya hivyo Kano, na nyingine akafanya Nyakach. Kama palikuwa na mazishi mawili kwa siku, aliyamaliza yote kabla mbunge hajachagua tai. Wananchi walimhukumu, kila mtu kwa namna yake. Wapo waliosema, "Huyu anaheshimu saa." Wapo waliosema alikuja kama mtu wa kusoma mita. Mjane wa yule mwalimu, ambaye hakuwa na neno baya juu ya mtu, aliniambia nilipokuwa nakunja hema: "Alikuja kabla ya machozi, fundi. Nilikuwa bado natafuta kifuniko cha sufuria."

Ningemtendea isivyo haki nikiishia hapo, maana wengi walimwita mwenye kiburi na hilo silikubali. Mwenye kiburi huingia kwenye hema la viongozi akapewa sahani iliyofunikwa. Yeye, kwa kuwa alifika mapema, hema la viongozi lilikuwa bado halina kitu, kwa hiyo alikwenda nyuma ya nyumba kwa wapishi. Nilimwona zaidi ya mara moja ameketi juu ya mtungi wa maji uliolazwa, anakula ugali wa moto na omena pamoja na akina mama wanaokoroga, akiwauliza maji waliyopikia yametoka wapi na yana rangi gani wakati wa mvua. Wapishi walimjua, naye aliwajua kwa majina. Walimtania.

"Mheshimiwa, hauna bibi nyumbani wa kukupikia?"

"Anapika, lakini anachelewa."

"Wewe unaoa mtu ama unaoa saa?"

Alicheka sana. Lakini hakuna mpiga picha anayekwenda nyuma ya nyumba, na diwani hawezi kumkaribisha mtu kwa masufuria.

Wala hakuwa mtu wa haraka kwa kila jambo. Hotuba aliikimbia, lakini mfereji aliweza kuutazama mchana kutwa. Msimu mmoja mto ulifurika Ahero, kama unavyofurika, na maji yakaingia mashamba ya mpunga na nyumba za watu. Chama kilipanga ziara: viongozi wote, blanketi, unga, wapiga picha, mimi na mitambo yangu. Siku moja kabla ya ziara gavana alikwenda peke yake na vibarua, akapandisha suruali, akasimama kwenye maji ya magoti na wakulima hadi wakaona mahali kalvati lilipoziba. Magogo, nyavu chakavu na godoro la mtu. Wakavitoa. Maji yakapata njia.

Kesho yake msafara ulipowasili, ardhi ilikuwa na tope tu na jua lilikuwa linawaka. Wapiga picha walizunguka wakitafuta mahali pa kupiga. Diwani wa huko alimwendea gavana, akamnong'oneza, lakini maiki yangu ilikuwa karibu.

"Jaduong'," alisema, kama tunavyomwita mzee wa heshima, "si ungengoja tu hadi leo?"

"Watu walikuwa wanalala juu ya meza," gavana akajibu.

"Naelewa. Lakini tungekuta wamelala juu ya meza, tuwashushe pamoja."

Mkulima mmoja wa mpunga aliinua mkono kutoka nyuma. Akauliza kama blanketi zitatolewa hata hivyo, ingawa wameshakauka. Zilitolewa. Hotuba zilifutwa, kwa kuwa hapakuwa na la kuhutubia.

Naamini siku ile iliwaumiza zaidi kuliko mazishi. Mtu anaweza kumsamehe kiongozi asiyefanya kazi, maana atalalamika naye kwa pamoja. Anayefanya kazi yote kabla wewe hujafika hakuachii hata mahali pa kusimama.

Wa kwanza kumwambia waziwazi alikuwa mwenyekiti wa chama, mama mmoja mnene mpole ambaye amekuwa akiuza samaki kwa jumla tangu ujana wake. Tulimwita Mama Mwenyekiti. Alikuja Migosi Jumapili moja, nami nilikuwa sebuleni kwa gavana nikitengeneza spika ya televisheni. Nilitaka kutoka, Mama akasema nikae, huenda mambo yenyewe yananihusu.

"Jaduong', madiwani wamekasirika."

"Kwa barabara gani?"

"Si barabara."

"Basi ni dawa za hospitali. Nimeshaagiza."

"Si dawa. Ni maiki."

Gavana akageuka kunitazama mimi, kana kwamba mitambo yangu imeleta hitilafu.

"Mitambo ya fundi iko sawa," Mama akasema. "Wewe ndiye unaongea kwanza halafu unaenda. Hawa watu wakisimama, wakaribishe nani? Sikiza. Mimi ni muuza samaki. Yule samaki mkubwa hukaa juu ya karai kutoka asubuhi. Si lazima auzwe. Anakaa hapo ndio watu wasimame, na wakisimama wanunue wale wadogo. Wewe kila Jumamosi unajitoa kwa karai."

Gavana alifikiri. Alikuwa msikilizaji mzuri wa jambo lolote lenye mpangilio.

"Lakini Mama, marehemu hawezi kungoja siku nzima."

"Marehemu ndiye peke yake ako na wakati."

"Na mimi nikingoja, nitapata tiketi?"

"Ukingoja ukaribishwe, madiwani watakuletea watu siku ya mchujo. Wasipokuletea, utapigiwa kura na wapishi."

"Wapishi ni wengi," gavana akasema.

"Ni wengi," Mama akakubali. "Lakini siku ya mchujo watakuwa wanapikia wengine."

Akaahidi kungoja. Nilimwamini, kwa sababu sikuwahi kumwona akivunja ahadi. Mazishi yaliyofuata yalikuwa Seme tena, wadi ya yule mtangazaji wa mpira, ya mama mmoja aliyeongoza akina mama wa kanisa. Gavana alifika kwa saa yake, akaketi kwenye kiti kikubwa, akakaa. Aliwasikiliza majirani. Aliwasikiliza mashemeji, na walikuwa mashemeji wenye mengi. Jua lilihama kutoka upande mmoja wa hema hadi mwingine. Mama Mwenyekiti, aliyeketi mstari wa pili, alikuwa akijipepea kwa ratiba na kutabasamu.

Diwani aliposhika maiki, niliongeza sauti kidogo bila kuambiwa. Ilikuwa siku yake. Alimsifu marehemu, akamsifu mchungaji, akafika kwenye "kabla" yake na kuifungua kama mtu anayefungua sanduku la nguo za sikukuu. Alisema gavana huyu amejenga barabara tatu katika wadi ile. Alisema maji yamefika kila boma. Alisema, na hapa akashusha sauti ili watu wasogee, kwamba wakati mwingine gavana akiwa na jambo zito humpigia simu yeye, kijana wa Seme, kumwomba ushauri. Watu wakapiga makofi. Wazee wawili walimtazama diwani kwa macho mapya. Akageuka, akanyoosha mkono wote, akamkaribisha.

Gavana akasimama, akashukuru. Kisha akasema angependa kusahihisha machache ili watu wasipotoshwe. Barabara zilizojengwa na kaunti ni mbili. Ya tatu ni ya serikali ya kitaifa, na si vizuri kuchukua sifa ya mwenzako. Maji hayajafika kila boma. Yamefika kwenye kituo cha soko, na ndiyo maana anahitaji muhula mwingine. "Na kuhusu simu," akasema, "mimi sina namba ya Mheshimiwa. Lakini ni wazo zuri. Naomba anipe leo."

Alilisema hilo bila ubaya wowote. Alikwisha kutoa simu mfukoni.

Watu walicheka hadi kwaya ikainama. Diwani naye alicheka, akaitaja namba yake mbele ya wote, tarakimu moja moja, kwa ile sauti yake nzuri ya uwanjani. Mama Mwenyekiti alikuwa amefumba macho.

Gavana alinipitia akielekea garini. "Jirani, umeniona? Nimengoja."

"Nimekuona."

"Halikuwa jambo gumu," akasema.

Muda mfupi baada ya hapo madiwani walikutana kwenye hoteli ya samaki ufukweni, wakakodi kwangu spika ndogo. Nilitarajia malalamiko. Hayakuwapo. Mmoja alisema barabara ni nzuri. Mwingine alisema hospitali siku hizi ina dawa. Wa Ahero alikiri kwamba tangu siku ile kalvati halijaziba tena. Walikula samaki wakimsifu, hadi aliyekuwa nje angedhani ni mkutano wa kampeni yake. Kisha yule wa Seme akasukuma sahani.

"Tumekubaliana ni mtu mzuri," akasema. "Lakini mimi nikisimama karibu na yeye, mimi ni nani?"

"Wewe ni diwani," mwenzake akajibu.

"Ndio hiyo nasema."

Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo nilipojua kwamba tiketi imeondoka, kabla hata haijatafutwa.

Waliyemchagua alikuwa mfanyabiashara wa mchanga na kokoto. Sina ubaya naye, hunilipa vizuri. Sifa yake kubwa ilikuwa kwamba hafiki. Huwa yuko njiani. Asubuhi hutuma ujumbe kwamba ametoka nyumbani. Adhuhuri husemwa amepita Kisian. Watu hugeuza shingo kila gari linapovuma, na wakati huo wote madiwani husimama mmoja baada ya mwingine kumwandalia njia, kila mmoja akiwa na "kabla" yake, ndefu na tamu. Nimewaona madiwani wasiojulikana hata na majirani zao wakikua mbele ya macho yangu kwa kumngoja mtu huyu. Anapofika hatimaye, husema maneno machache, huwataja wote waliomkaribisha kwa majina yao, na hasahihishi chochote. Aliyeko njiani ana nguvu kuliko aliyefika. Hilo nimelijua kwa kusikiliza.

Mchujo ulifanyika kwa utulivu. Madiwani walileta watu. Wapishi, kama Mama alivyosema, walikuwa na kazi. Mama Mwenyekiti alimpigia gavana kura na akamwambia kila mtu, akaitwa mkaidi, akarudi kwenye samaki wake. Gavana alikubali matokeo siku hiyohiyo kwa tamko fupi kiasi kwamba wanahabari walikuwa bado wanafungua kamera.

Mara ya mwisho kumwona akiwa kazini ilikuwa Seme, zikiwa zimebaki wiki chache kabla ya uchaguzi. Aliyefariki ni baba yake yule diwani. Niliamkia huko, na jambo la kwanza lililonishangaza ni kumkuta diwani ameshafika, anapanga viti kwa mikono yake. Alikuwa amekonda. Alinivuta kando ya jenereta.

"Fundi, nina shida. Mgombea anakuja."

"Hiyo ni shida?"

"Gavana pia anakuja. Alimjua mzee." Akajipangusa shingo. "Gavana bado ni gavana. Lazima aongee mwisho. Mgombea ndiye kesho yetu. Na yeye lazima aongee mwisho. Mmoja akikaribisha mwingine, mimi nimekwisha. Unaona hapo?"

Nikamwambia asijali, gavana atafika mapema, atazungumza na kwenda, kama kawaida yake.

"Ndio naomba Mungu hivyo," akasema mwana wa marehemu.

Gavana alifika kwa saa ya ratiba, na gari moja tu. Aliwapa mkono wafiwa. Alisimama kando ya jeneza, na mara hii alikaa hapo zaidi. Kisha akaenda kwenye kiti kikubwa cha mbele, akaketi, akakunja mikono.

Diwani alimsubiri ainuke. Hakuinuka. Majirani walianza. Akaongea shemeji. Gavana alisikiliza kila mmoja, akitikisa kichwa panapostahili, kama mtu aliyejifunza somo na hataki tena kulikosea. Diwani alinijia akiwa amepauka.

"Anangoja nini?"

"Nadhani anangoja kukaribishwa," nikasema.

Ujumbe ukaja kwamba mgombea amepita Kombewa. Safari hii ilikuwa kweli. Diwani akanitazama, akautazama waya mkuu wa jenereta, akaniuliza kama mitambo huwa inaharibika ghafla. Nikamwambia yangu haiharibiki. Basi akavaa ujasiri, akaenda hadi kwenye kiti kikubwa, akachutama mbele ya gavana kama mtoto mbele ya baba. Nilikuwa hatua chache, nikirekebisha stendi ya maiki.

"Jaduong', nina ombi."

"Pole sana kwa mzee," gavana akasema. "Usijali mimi. Nitangoja. Leo ofisini hakuna mtu."

"Ndio ombi langu hilo. Tafadhali ongea kwanza."

"Kwanza?"

"Kwanza. Sasa hivi. Halafu kama uko na kazi, sisi hatutakasirika."

Gavana alimtazama kwa muda mrefu. Uso wake ulikuwa mgumu kuusoma; sijui hadi leo alielewa nini. Lakini alisimama upesi, kama mtu aliyevuliwa viatu vinavyobana.

Alitoa rambirambi. Alisema mzee huyu ndiye aliyemwonyesha, zamani, mahali ardhi inapokuwa laini, na kwa hiyo bomba litakapoendelea lipite nyuma ya shule wala si mbele. Alisema mabomba yamefukiwa kutoka kituo cha soko hadi kwenye mpaka wa uwanja wa kanisa na mwisho wake umefungwa kwa kifuniko cha chuma, na yeyote atakayekuja aanzie hapo, asichimbe upya. Alilirudia hilo la kutochimba upya, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akirudia kitu. Kisha akasema basi, awaache na msiba wao.

Watu walipiga makofi. Madiwani wote walisimama, na walipiga kwa nguvu kuliko wananchi. Niliwahi kushuhudia hotuba zake nyingi. Hiyo ndiyo pekee ambayo chama kizima kiliifurahia.

Alinirudishia maiki yeye mwenyewe. Macho yake yalikuwa yanang'aa kidogo, au labda ni jua.

"Umeona, jirani?" akasema. "Wameelewa."

Nikamwambia nimeona.

Akaenda. Njia ya kutoka bomani ni nyembamba, na hapo langoni gari lake lilikutana na msafara wa mgombea ukiingia. Dereva wake alirudi nyuma hadi kwenye majani, akazima injini, akayaacha magari yote yapite. Diwani alikuwa ameshanyoosha mkono kuiomba maiki. Nikaifuta, nikampa, nikaongeza sauti, na hotuba zikaanza.